Mwalimu Akiuliza, Mwanafunzi Ajibu Bila Woga

Tuseme hivi. Kikundi kimoja cha akina mama kina binti yao chuo kikuu. Alipoitwa, ng'ombe mmoja wa maziwa aliuzwa, harambee ikafanywa, na wanakikundi wawili wakakubali zamu zao za mzunguko ziende kwa karo. Likizo inafika, msichana anarudi nyumbani. Wazee wanamwuliza, "Masomo yanaendeleaje?" Anajibu, "Ni mazuri." Wote wanafurahi.

Lakini jioni, akimenya viazi jikoni na mama yake, anatoa ukweli. "Mama, kuna somo moja sielewi kitu. Lekchara anaingia, anasoma karatasi zake, anatoka. Sisi tunaandika tu."

Mama anauliza, "Na mbona hamumwambii?"

Msichana anacheka kidogo. "Mama, nani atamwambia? Si yeye ndiye anasahihisha mtihani?"

Hayo maneno ya jikoni ndiyo tunataka kuyazungumzia katika makala hii. Msichana huyu si mjinga, na si mvivu. Na huenda huyo mhadhiri, ambaye watoto wetu humwita lekchara, si mtu mbaya pia. Pengine jioni hiyo hiyo yeye yuko nyumbani kwake akifikiri somo lilikwenda vizuri, sababu hakuna aliyenyoosha mkono. Kile kimya cha wanafunzi amekichukua kuwa ni kuelewa. Mmoja anajua shida na hawezi kusema. Mwingine angeweza kurekebisha na hajui. Katikati yao kuna ng'ombe aliyeuzwa.

Je, watu hawa wawili wanaweza kuketi na kuongea juu ya mafundisho yenyewe? Kuna mahali wamejaribu, na wameona matunda. Tuangalie walivyofanya, halafu tuone sisi wa kijijini tunaingilia wapi.

KWA NINI MWALIMU WA CHUO HAJUI

Mwalimu wa shule ya msingi alipelekwa chuo cha ualimu. Huko alifundishwa namna ya kupanga somo, kutumia ubao, na kujua kama mtoto ameelewa. Mhadhiri wa chuo kikuu, katika nchi nyingi, hakupitia njia hiyo. Yeye aliajiriwa kwa sababu ya shahada zake na utafiti wake. Anajua kemia, au sheria, au uchumi, tena anaijua sana. Lakini kujua kazi ni jambo moja, na kumfundisha mwingine ni jambo lingine. Hata kijijini tunao mafundi hodari ambao kijana akikaa kwao miaka miwili bado hajui kupiga randa, sababu fundi anafanya haraka na haelezi.

Vyuo vingi vinajua shida hii. Kwa hivyo mwisho wa muhula wanafunzi hupewa fomu ya kumpima mwalimu. Wanaweka alama: moja, mbili, tatu, nne, tano. Fomu hizo zina kazi yake, lakini zina kasoro tatu.

Kwanza, zinachelewa. Mwalimu akizisoma, wale wanafunzi wamekwisha kufanya mtihani na kwenda. Ni kama kumwita fundi wa paa baada ya masika kwisha. Nyinyi mmekwisha kunyeshewa.

Pili, alama haielezi. Mwalimu akiona amepata mbili kwa tano, atajua wanafunzi hawakufurahi. Lakini alikosea wapi? Sauti ilikuwa ndogo? Alikimbia sana? Mifano ilikuwa ya mbali? Namba haiwezi kumwambia.

Tatu, fomu haina mazungumzo. Mwanafunzi anaandika, karatasi inakwenda ofisini, na hapati kujua kama kuna mtu aliyeisoma. Mwaka unaofuata anajaza bila kufikiri, ili amalize aende zake.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wengi wenu mnaosoma makala hii mmewahi kukaa kwenye semina, watu wameketi kwa duara, mwezeshaji akaonyesha picha na kuuliza, "Mnaona nini hapa?" Halafu, "Haya mambo yanatokea kwetu? Yanatokana na nini? Tufanye nini?" Mafunzo ya namna hiyo yalienezwa nchini Kenya katika miaka ya 1970 kwa jina la DELTA, na makanisa yaliyatumia sana. Walioyaanzisha walikuwa akina mama wawili, Anne Hope kutoka Afrika Kusini na Sally Timmel kutoka Marekani. Baadaye, mwaka 1984, waliyaandika katika vitabu vinavyoitwa "Training for Transformation".

Mzizi wa mafunzo hayo ulitoka Brazil, kwa mwalimu aliyeitwa Paulo Freire. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa muda wa saa 40 hivi za masomo. Walianza na maneno ya maisha ya watu wenyewe, na kila neno likaleta mazungumzo. Mwaka 1964 jeshi lilipochukua serikali, Freire alifungwa, kisha akaenda uhamishoni. Huko ndiko alikoandika kitabu chake kinachojulikana dunia nzima, "Pedagogy of the Oppressed", ambacho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970.

Freire alisema kuna mafundisho yanayofanana na benki. Mwalimu anaweka pesa, mwanafunzi ni sanduku la kuhifadhi, na siku ya mtihani zinatolewa vile vile zilivyoingia. Njia bora, alisema, ni mazungumzo, ambapo mwalimu anafundisha na yeye pia anajifunza kutoka kwa anaowafundisha.

Basi tazama ajabu. Akina mama wa kijijini wamefunzwa kwa mazungumzo kwa miaka hamsini. Lakini watoto wao wakienda chuo kikuu, mahali pa wasomi wakubwa, mara nyingi wanarudishwa kwenye benki.

CHUO KIMOJA KILICHOJARIBU

Karibu na jiji la Philadelphia, Marekani, kuna vyuo viwili jirani, Haverford kilichoanzishwa mwaka 1833 na Bryn Mawr kilichoanzishwa mwaka 1885. Vyote viwili vilianzishwa na Marafiki, yaani Quakers, kanisa lile lile ambalo wasomaji wetu wa Magharibi wanalijua tangu wamishenari wake walipofika Kaimosi mwaka 1902. Siku hizi vyuo hivyo havifuati dhehebu lolote.

Mwaka 2006, mwalimu wa elimu pale Bryn Mawr, Alison Cook-Sather, alianza mpango unaoitwa kwa kifupi SaLT. Maana yake ni wanafunzi kuwa wenye kujifunza na pia wenye kufundisha. Chanzo chake kilikuwa swali zito. Baadhi ya wahadhiri waliona kwamba darasani mwao wanafunzi wengine hawajisikii kwao, hasa weusi na wale wa jamii zilizo chache pale chuoni. Wahadhiri walitaka kubadilika lakini hawakujua waanzie wapi. Basi wakawaendea wanafunzi hao hao na kuwaomba ushauri. Ushauri huo ukawa kazi rasmi ya kulipwa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi.

Mhadhiri anayetaka anaunganishwa na mwanafunzi mmoja kwa muhula mzima. Tumwite mwanafunzi mshauri. Huyu mshauri hasomi somo hilo, na hata si lazima awe wa fani hiyo. Mwanzoni wanakaa pamoja na mhadhiri anasema ni jambo gani anataka litazamwe. Mmoja atasema, "Nataka kujua kwa nini watu watatu tu ndio wanaongea darasani." Mwingine, "Nataka kujua kama maelezo yangu yanaeleweka."

Kila wiki mshauri anaingia darasani mara moja, anaketi nyuma, anaandika. Karatasi yake ina safu tatu. Ya kwanza ni saa. Ya pili ni kile alichokiona, bila kuhukumu. Ya tatu ni mawazo na maswali yake. Kwa mfano, safu ya kwanza inaweza kusema saa nne na dakika kumi. Ya pili, "Mwalimu ameuliza swali, amengoja kidogo, kisha amejibu mwenyewe." Ya tatu, "Niliona wawili kule nyuma wakianza kufungua midomo. Je, wangepewa muda zaidi?"

Usidharau jambo dogo kama hilo. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda huo mashuleni katika miaka ya 1970. Aligundua kwamba walimu wengi wakishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu. Walipojifunza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na yenye kufikiriwa, na wale waliokuwa wakinyamaza wakaanza kujibu. Sekunde mbili za ziada hazina gharama. Lakini mwalimu hawezi kujiona mwenyewe akizikosa. Lazima awe na mtu wa kumtazamia.

Baada ya hapo, kila wiki, mhadhiri na mshauri wanakutana na kuzungumza juu ya yale yaliyoandikwa. Mhadhiri anaeleza kwa nini alifanya vile. Mshauri anaeleza vile ilivyoonekana kutoka kiti cha nyuma. Wanakubaliana kitu kimoja cha kujaribu wiki inayofuata. Tena, washauri wote wanakutana kila wiki na kiongozi wa mpango, ili wasaidiane namna ya kusema ukweli bila kuumiza. Katikati ya muhula, mshauri anaweza pia kukusanya maoni ya darasa zima na kumletea mhadhiri, wakati muhula bado una wiki za kutosha kurekebisha.

MBONA WANAFUNZI HAWAOGOPI?

Hapa ndipo penye siri, na wanakikundi wafikiri vizuri. Watu wengi husema, "Wacha tu watu wawe wazi, waongee." Lakini uwazi hauji kwa kuamriwa. Yule msichana wa jikoni hawezi kuwa wazi kwa sababu mtu aambiwe "kuwa wazi". Woga wake una sababu, na sababu hiyo lazima iondolewe. Mpango huu umeiondoa kwa sheria chache:

1. Mshauri hasahihishwi mtihani na mhadhiri huyo, sababu si wa darasa lake. Kwa hivyo hana cha kupoteza akisema ukweli.

2. Mhadhiri anaingia kwa hiari. Hakuletewa askari.

3. Yanayozungumzwa hayapelekwi kwa wakubwa, wala hayatumiwi kumpandisha au kumnyima cheo. Kwa hivyo naye anaweza kusema, "Hapa mimi nashindwa," bila kuogopa mkate wake.

4. Mshauri analipwa kwa saa zake. Kazi inayolipwa inaheshimiwa, na mwanafunzi wa familia maskini pia anaweza kuifanya.

5. Wanakutana kila wiki. Mtu hamwamini mwenzake kwa mkutano mmoja.

6. Uamuzi wa mwisho ni wa mhadhiri. Mshauri haamuru. Anaonyesha, anauliza, anapendekeza.

Mwaka 2014, Cook-Sather pamoja na Catherine Bovill na Peter Felten walitoa kitabu cha kuwasaidia wahadhiri wengine. Walisema ushirikiano wa namna hii unasimama juu ya mambo matatu: kuheshimiana, kupeana, na kubeba wajibu pamoja. Kupeana maana yake si lazima wote watoe kitu sawa. Mhadhiri analeta ujuzi wa somo. Mwanafunzi analeta ujuzi wa kuketi pale na kujaribu kuelewa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhadhiri alilala kitanda hicho zamani, na amekwisha kusahau.

Njia hii haikukaa mahali pamoja. Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilianza mpango wake wa wanafunzi washirika mwaka 2013, na mawazo hayo yamefika hata Lahore, Pakistan.

WALIVYOFAIDIKA, NA PALE MAZUNGUMZO YANAPOSHINDWA

Wahadhiri walioshiriki wamesema kwamba walianza kueleza sababu ya kazi wanazotoa, kwa kuwa waligundua wanafunzi hawakuwa wakizijua. Wengine walibadilisha namna ya kuanzisha somo, au ya kugawa watu kwa vikundi, au ya kuita wasioongea. Na wanafunzi washauri wenyewe walipata faida ambayo haikutarajiwa na wengi. Baada ya kuona kazi ya kufundisha kwa upande wa ndani, walianza kujifunza vizuri zaidi katika masomo yao wenyewe. Waliacha kungoja kulishwa. Walijua kwamba somo zuri ni kazi ya pande mbili.

Lakini tusidanganyane. Njia hii ina mipaka.

Si kila kitu mwanafunzi anachotaka ni sawa. Wapo watakaosema somo ni gumu, lipunguzwe, na mtihani uwe rahisi. Hapo mhadhiri lazima asimame. Daktari au mhandisi aliyepunguziwa masomo atakuja kutuumiza sisi. Mazungumzo si kupiga kura. Kinachotafutwa ni vile jambo gumu litakavyofundishwa mpaka lieleweke.

Pia, kuuliza bila kutenda ni vibaya kuliko kutouliza. Mwalimu akikusanya maoni halafu akanyamaza, wanafunzi watajua ilikuwa ni sarakasi. Kama kuna jambo hawezi kulibadilisha, na aseme wazi, "Hili siwezi, na sababu ni hii." Watu wazima wanaelewa.

Tena mazungumzo hayaleti vitabu maktaba, wala hayalipi mshahara uliochelewa. Tumeona nchini kwetu migomo ya wahadhiri mara nyingi. Shida za pesa zitatatuliwa kwa pesa. Lakini hata mahali pesa zipo, bila mazungumzo mwanafunzi anaweza kukaa miaka minne akiandika tu.

NA DARASA LA WATU MIA TATU?

Mtu atasema, "Hayo ni ya vyuo vidogo vya wenye pesa. Kwetu ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni." Ni kweli. Bryn Mawr ni chuo kidogo, na si rahisi kumpa kila mhadhiri wa Kenya mshauri wa kulipwa. Lakini kuna njia ambazo zinahitaji karatasi na kalamu tu.

Njia ya kwanza ilianzishwa zaidi ya miaka 40 iliyopita na Joseph Clark wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Katikati ya muhula, mhadhiri anamwomba mwenzake, mtu asiyefundisha darasa hilo, aje kwa nusu saa. Mhadhiri anatoka nje. Mgeni anagawa wanafunzi kwa vikundi vidogo na kuwauliza: Ni nini kinawasaidia kuelewa somo hili? Ni nini kinawazuia? Mnapendekeza nini kifanywe? Kila kikundi kinaandika yale waliyokubaliana. Kisha vikundi vinasoma mbele ya wote, na mgeni anahakikisha kwamba yanayoandikwa ni mawazo ya wengi, si hasira ya mtu mmoja. Majina hayaandikwi. Baadaye anamweleza mhadhiri faraghani. Somo linalofuata, mhadhiri anawajibu wanafunzi: hili nitalibadilisha, hili siwezi, na hili ni wajibu wenu.

Ukiangalia vizuri, sheria ni zile zile. Anayesahihisha mtihani hayupo chumbani. Anayesema hajulikani kwa jina. Jibu linarudi mapema. Na hata wakiwa mia tatu, vikundi vya watu watano watano vinawezekana, mradi mgeni apate wasaidizi wachache na achukue karatasi badala ya kila kikundi kusoma.

Njia ya pili ni fupi zaidi. Dakika ya mwisho ya somo, kila mwanafunzi anaandika majibu ya maswali mawili kwenye kijikaratasi: Jambo kubwa ulilojifunza leo ni lipi? Ni nini bado hujaelewa? Mhadhiri hahitaji kusoma zote mia tatu. Akichambua hamsini ataona kosa linalorudiwa. Akianza somo linalofuata kwa kueleza jambo hilo, wanafunzi watajua wamesikiwa.

Njia ya tatu iko tayari katika vyuo vyetu. Madarasa mengi yana mwakilishi wao. Mara nyingi kazi yake inabaki kupeleka matangazo na kutafuta ufunguo wa ukumbi. Anaweza kuchukua kazi kubwa zaidi, yaani kukusanya maoni ya wenzake na kuyapeleka kwa heshima. Lakini asiende peke yake. Mtu mmoja anaweza kuonekana mchochezi. Watatu wakienda pamoja, na karatasi mkononi, wanaonekana ni darasa.

SISI WA KIJIJINI TUINGIE WAPI?

Usiseme, "Mimi sikusoma, mambo ya chuo kikuu hayanihusu." Karo imetoka kwako. Tena una ujuzi wa kukaa na watu na kuongea, ambao pengine mtoto wako hajaupata.

Kwanza, badilisha swali. Mtoto akija likizo, usimwulize tu, "Masomo yako aje?" Jibu lake unalijua. Mwulize, "Ni somo gani linakusumbua? Unafikiri ni kwa nini? Mmejaribu kufanya nini?" Keti naye mahali ambapo hasikiwi na wageni waliochanga, sababu mbele yao ataona haya kusema anashindwa.

Pili, mfundishe namna ya kupeleka neno. Aende na wenzake. Wasingoje mwisho wa muhula. Waanze na lile linalowasaidia, sababu mwalimu naye ni mtu. Wasiseme, "Mwalimu, hueleweki." Waseme, "Mwalimu, tulikuwa nawe mpaka ile hesabu ya pili. Pale tulipotea. Unaweza kutuonyesha mfano mwingine?" Neno la namna hiyo halimvunjii mtu heshima, na linamwambia pa kushika.

Tatu, kuna vyuo vilivyo karibu na sisi zaidi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wataenda wapi baada ya shule ya msingi, na kutokana nayo zikazaliwa polytechnic za kijiji, ambazo leo ni vyuo vya mafunzo ya ufundi. Baadhi yenu mko kwenye kamati za vyuo hivyo. Katika mkutano ujao, baada ya kujadili paa na choo, ulizeni: Je, wanafunzi wa ushonaji na useremala wana nafasi gani ya kusema kama wanaelewa? Nani anawauliza? Wakisema, nani anawajibu? Mnaweza kujaribu ile njia ya nusu saa muhula huu huu, na mgeni anaweza kuwa mmoja wenu. Lakini elewaneni na mwalimu kwanza. Aingie kwa hiari, na yatakayosemwa yasigeuzwe kuwa kesi ya kumfukuza. Mkimtega mara moja, hamtapata ukweli tena, kwake wala kwa wanafunzi.

Tukirudi jikoni, viazi vimekwisha kumenywa na maji yamechemka. Mama hajasoma kemia, na hawezi kumsaidia binti yake na lile somo. Lakini anaweza kumwambia, "Wewe si wa kwanza kupotea hapo. Ukirudi, tafuta wenzako wawili waliopotea mahali pale pale. Andikeni swali moja. Mwendeeni mapema, kabla ya muhula kwenda." Na kama upande wa pili kuna mhadhiri ambaye siku hiyo ataweka karatasi zake chini, avute kiti na kusema, "Hebu nielezeni mlipotelea wapi," basi ng'ombe yule hakuuzwa bure.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ulipokuwa mwanafunzi, au kwenye semina, ni lini ulinyamaza ingawa hukuelewa? Uliogopa nini?

2. Kati ya zile sheria sita za mpango wa Bryn Mawr, ni ipi mnaona ni muhimu zaidi? Kwa nini?

3. Katika kikundi chetu, ni nani hajaongea katika mikutano mitatu iliyopita? Je, kimya chake ni kuelewa, au ni woga?

4. Mwenyekiti au mweka hazina akitaka kujua vile wanachama wanaona kazi yake, anaweza kupanga nini ili watu waseme ukweli bila kuogopana?

5. Ni kijana gani wa kwetu yuko chuoni sasa? Nani atakaa naye likizo ijayo, na atamwuliza nini?